Tafsiri ya Tafsiri: Vitabu vya Sheria vya Mkoloni, kutoka Pwani hadi Yakobi

Mwaka 1914 ilitoka London tafsiri ya Kiingereza ya Minhaj al-Talibin, kitabu mashuhuri cha fikihi cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Mfasiri wake, E. C. Howard, aliwahi kuwa hakimu wa wilaya huko Singapore. Howard hakukifasiri kitabu kile kutoka Kiarabu. Alikitoa katika Kifaransa cha Mholanzi L. W. C. van den Berg, kilichopigwa chapa Batavia kati ya 1882 na 1884 kwa amri ya serikali. Kitabu kilichosomeshwa tangu zamani katika darsa za misikiti ya pwani kikamfikia hivyo jaji wa Kiingereza wa Mombasa au Unguja kikiwa kimekwisha kupita katika lugha mbili za wageni, naye akakifungua ili awahukumu watu ambao mashekhe wao walikuwa wakikisoma katika lugha yake ya asili.

Mambo ya sheria huachiwa wanasheria, lakini hili ni la wapenzi wa lugha kwanza. Mtunzi anajua kwamba neno likihamishwa mahali pake hubadili uzito, na mfasiri anajua zaidi ya hapo, kwamba wakati mwingine hubadili mwenyewe. Katika shairi, hasara ya tafsiri mbaya ni utamu uliopotea. Katika kitabu cha sheria hasara hiyo ni nyumba, shamba na urithi wa mayatima.

Uhakiki wa kazi ya Howard na uanze pale msomaji anapoanzia, yaani kwenye jina. Nawawi alikiita kitabu chake njia ya wanaotafuta, na katika lugha ya darsa mtafutaji ni mwanafunzi, talibu wa elimu. Van den Berg akalifanya jina hilo kuwa kiongozi cha waumini wenye bidii, kisha akaongeza chini yake kwamba ni kitabu cha fikihi kwa madhehebu ya Shafi. Howard akaliacha jina la Kiarabu bila kulifasiri, na fikihi akaiandika kwa neno la Kiingereza lenye maana ya sheria. Majina ni matatu, na kila moja lina msomaji wake. Wa kwanza anajifunza, wa pili anasadiki, wa tatu amekwisha kukaa kitini na watu wamesimama mbele yake wakingoja hukumu.

Tofauti hiyo si ya jalada pekee. Asili ya neno fikihi ni kufahamu, na Nawawi aliandika kama mtu anayepima fahamu za waliomtangulia. Katika dibaji anaeleza istilahi zake: azhar ni kauli iliyo dhahiri zaidi katika kauli za Imamu Shafi, asahhi ni iliyo sahihi zaidi katika rai za wafuasi wake, na kila istilahi humwarifu mwanafunzi kwamba kando ya kauli iliyoshinda ipo nyingine iliyosikilizwa na kuheshimiwa. Mwanafunzi wa darsa hupokea alama hizo pamoja na sherehe za mwalimu. Jaji aliyezoea kusoma vifungu vya Bunge huziona kama vumbi juu ya kioo, na hamu yake ni kulifuta apate kuona kanuni. Hata huko Ulaya kazi ya van den Berg haikusalimika, kwani mwanachuoni mwenzake wa Kiholanzi, Snouck Hurgronje, aliikosoa kwa ukali. Ukosoaji ule ulibaki katika majarida ya wataalamu, na kitabu kikaenda zake mahakamani.

Wala Minhaj haikuwa peke yake katika rafu ile. Jirani yake alikuwa Hedaya, kitabu cha Marghinani cha madhehebu ya Hanafi, kilichotolewa kwa Kiingereza na Charles Hamilton mwaka 1791 kwa ajili ya mahakama za Bengal. Hamilton naye hakuanza na Kiarabu, alianza na tafsiri ya Kiajemi. Vitabu viwili vikuu ambavyo Mwingereza alivitegemea kuijua sheria ya Waislamu, kimoja cha Bara Hindi na kimoja cha watu wa Shafi, vyote viwili ni tafsiri za tafsiri. Kando yavyo zilikuwapo sheria zilizotungwa kwa ajili ya India, kama ile ya mikataba ya mwaka 1872, iliyotumika Tanganyika hadi ilipowekewa badala yake mwaka 1961. Na nyuma ya vyote, kama mizizi isiyoonekana, vilikuwapo vitabu vya kale vya Uingereza kwenyewe: Littleton juu ya umiliki wa ardhi, Coke aliyemfafanua Littleton mwaka 1628, na Blackstone aliyetoa juzuu zake nne kati ya 1765 na 1769.

Mwenye kumfungua Coke hukuta jambo la kushangaza. Littleton, Mwingereza wa karne ya 15, aliandika kitabu chake kwa Kifaransa, ile lugha iliyochakaa midomoni mwa mawakili wa London hata Mfaransa mwenyewe asingeitambua. Coke akaweka Kifaransa hicho upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kisha akaizungushia sherehe yake iliyojaa Kilatini. Waingereza nao, basi, walihukumiwa kwa karne nyingi katika lugha isiyo yao. Mwaka 1362 ilipitishwa sheria ya kuamuru kesi zisemwe kwa Kiingereza kwa kuwa watu hawakielewi Kifaransa, na sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Kumbukumbu za mahakama ziliendelea kuwekwa kwa Kilatini mpaka sheria ya mwaka 1731, iliyoanza kutumika 1733, ilipokomesha desturi hiyo. Taifa lililohangaika takriban karne nne kuirudisha mahakama yake katika ulimi wa watu wake ndilo lililokuja huku na kuwaambia watu wa pwani kwamba lugha yao haitoshi kubeba sheria.

Athari ya rafu ile ilionekana wazi katika wakfu. Nawawi, katika mlango wake wa wakfu, hana shaka kwamba mtu aweza kuwawekea wakfu watoto wake. Kinachomshughulisha ni maneno. Akisema mtu, nimewawekea watoto wangu, je, wajukuu wamo? Kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba hawamo. Akitumia neno dhuria, au neno nasli, mlango hufunguka, na watoto wa mabinti nao huingia, isipokuwa aliyeweka wakfu awe ameufunga kwa sharti la nasaba yake. Msomaji wa mashairi ataistahi akili hii, kwa kuwa inamtaka mtu achague neno lake kwa uangalifu na kuahidi kwamba neno hilo litaheshimiwa hata baada ya kufa kwake.

Mwaka 1894 Baraza la Malkia huko London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufani za makoloni, liliamua kesi ya Bengal iliyohusu wakfu wa jamaa. Ndugu wawili walikuwa wamewawekea vizazi vyao mali, na maskini wapewe pindi vizazi hivyo vitakapokatika. Wakubwa wa London wakaona kwamba sadaka ya namna hiyo ni kiini macho. Sheria ya Kiingereza huchukia mali ifungwe milele katika ukoo mmoja, na masikioni mwao neno wakfu lilikuwa na maana ya sadaka kwa maskini wa umma. Kwamba kumkimu mwanao ni sadaka mbele ya Mungu, jambo ambalo mtoto wa chuoni analijua, halikupata nafasi katika neno la Kiingereza walilolitumia kulifasiri. India ilipata ahueni kwa sheria ya mwaka 1913 iliyozihalalisha wakfu hizo. Sheria hiyo haikuvuka bahari. Hukumu ya 1894 ndiyo iliyovuka, na mwaka 1951 Baraza lilelile, likisikiliza rufani kutoka Kenya, likaifuata. Kesi ya Wahanafi wa Bengal ikawa ndiyo fikihi ya Mashafi wa Mombasa, na Nawawi akanyamazishwa katika kitabu chake mwenyewe. Ilibidi Zanzibar na Kenya zitunge sheria mahususi ili wakfu za jamaa zisimame tena.

Msomaji wa visiwani anaweza kudhani kwamba kisa hiki ni cha pwani peke yake, na kwamba bara, ambako hapakuwa na Minhaj, rafu ile haikumgusa mtu. Tarehe zasema vingine. Zanzibar ilifungwa na sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa Uingereza tarehe 7 Julai 1897, Kenya tarehe 12 Agosti mwaka uleule, na Tanganyika tarehe 22 Julai 1920. Siku hiyo ya 1920 hukumu za majaji wa Kiingereza, misingi yao ya insafu na sheria zao za jumla ziliingia katika nchi nzima kwa mpigo mmoja, zikafika na Yakobi, katika nyanda za baridi za Ubena wilayani Njombe, ambako pengine hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kulisikia jina la Coke.

Yakobi inastahili kutajwa katika uhakiki wa tafsiri kwa sababu wenyeji wake walikwisha kuonyesha namna wanavyolipokea neno geni. Palikuwapo hapo kituo cha misheni ya Berlin, na Septemba 1905, katika siku za Maji Maji, kituo kilishambuliwa. Mmisionari wake aliitwa Gröschel. Jina hilo lenye irabu isiyokaa katika kinywa cha Mbena likageuka Korosani, na vita vilivyopiganwa pale vikakumbukwa kuwa ni vita vya Korosani. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu juu ya Maji Maji alichokihariri pamoja na Jamie Monson mwaka 2010, alikitenga kisa hiki na kuonyesha jinsi masimulizi ya wazee yanavyofika mahali ambapo nyaraka za Wajerumani hazifiki. Nyaraka zinasema Maji Maji kutoka Matumbi hadi Ungoni, jina moja kwa vita vyote. Sikio la Yakobi limehifadhi jina la mtu, la mahali na la ugomvi uliowahusu wao wenyewe. Tafsiri ile haikuamriwa na serikali yoyote, wala haikupigwa chapa, na bado imedumu zaidi ya karne kwa kuwa waliolifanya neno ndio waliokuwa wakilihitaji.

Sheria ya Kiingereza haikupata bahati ya Gröschel. Chini ya sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929, baraza la mtu wa Njombe liliwekwa mikononi mwa maafisa wa utawala, rufani zikapanda kwa bwana shauri na kwa gavana, na mawakili wakakatazwa kuingia. Mambo yalisemwa kwa Kiswahili na kwa lugha ya kienyeji, lakini mlango uliotenganisha baraza hilo na rafu ya vitabu ulifungwa. Wakati huohuo sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ilikuwa imeitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya gavana, na marekebisho ya 1928 yakasema kwamba haki ya kukalia ardhi inajumuisha na ile ya wenyeji wanaoitumia kwa mila zao. Wanasheria wakaja kuiita haki hiyo ya mwenyeji kwa neno la Kiingereza 'deemed', yaani haki ambayo haina hati lakini sheria inakubali kuitazama kana kwamba inayo.

Hilo ni neno la kumsumbua mfasiri yeyote. Akiandika haki ya kudhaniwa, mkulima atasikia kwamba serikali inamdhania, na dhana haimlindi mtu. Akiandika haki inayohesabiwa kuwapo, atakuwa amekaribia, maana kuhesabiwa ni kuingizwa katika idadi. Wenye hati walipewa haki kwa tendo la kalamu, na asiye na hati alihesabiwa tu. Wilayani Njombe tofauti hiyo haikuwa ya maneno matupu, kwani mwaka 1949 lilianzishwa huko shamba kubwa la miwati la shirika la maendeleo ya makoloni la Uingereza, na kwa kampuni ya namna hiyo hati ndiyo mwanzo wa kila kitu. Ilipita karibu miaka 45 kabla ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, kuamua mwaka 1994 kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali halisi inayolindwa na Katiba. Hukumu hiyo, iliyomrudishia mkulima uzito wa haki yake, iliandikwa kwa Kiingereza.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeleta istilahi inayosikika leo katika kila kijiji: hakimiliki ya kimila. Sikioni ni tamu, na kwa mkulima ni faraja. Lakini mhakiki hana budi kulipima. Kiingereza cha sheria hiyo kinataja haki ya kukalia na kutumia ardhi, nayo ardhi yenyewe imebaki ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Kiswahili kimetia humo neno miliki, ambalo ni zito kuliko hilo, na ambalo washairi wanalifahamu kwa kuwa huchapwa nyuma ya jalada za diwani zao kumaanisha haki ya mtunzi. Mfasiri wa 1894 alimpunguzia mtu haki kwa neno jembamba, na mfasiri wa siku hizi amemwongezea kwa neno nene. Anayeshika hati huko Yakobi akiamini anamiliki, kisha akaja kuambiwa anakalia, atakuwa ametendewa vilevile kama warithi wa Bengal, na safari hii katika lugha yake.

Upo mfano wa tafsiri iliyonyooka, nao umetoka pwani. Mwaka 1923 kilitoka Mirathi, kitabu cha sheria ya urithi kilichotungwa na Sheikh Ali Hemedi el-Buhriy, mwanachuoni wa Tanga, wa ukoo uleule uliotupa utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Aliyekitia katika Kiingereza ni Philip Mitchell, wakati huo afisa wa utawala, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Kenya. Mwaka 1959 kilifuata Nikahi, cha mwandishi yuleyule, kwa tafsiri ya J. W. T. Allen, bingwa wa kukusanya na kufasiri tendi. Katika vitabu hivi viwili mwendo uligeuka. Fikihi ilisemwa kwanza kwa lugha za huku na mtu aliyeisomea na kuihukumia, na Mwingereza akaja nyuma kama mwanafunzi wa kulichukua neno kwa aliyelisema. Mfasiri wa Mirathi angeweza kumuuliza mwandishi, ilhali kati ya Howard na Nawawi palikuwa na karne 6 na Kifaransa. Inasikitisha kwamba vitabu hivi havisomwi leo nje ya vyumba vya watafiti, ingawa ni kielelezo bora cha nathari ya kisheria kuliko nyingi zilizofuata.

Dai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mahakama lilikwisha kujibiwa pia na fasihi. Mwalimu Nyerere alipotoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alikileta jukwaani kisa ambacho kilele chake ni kesi juu ya maneno ya mkataba, na msomaji wa Kiswahili alikifuata bila kamusi. Mwaka mmoja kabla yake, A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa kitivo cha sheria cha Dar es Salaam, alikuwa amechapisha orodha ya istilahi za sheria kwa Kiswahili. Mathias Mnyampala, gwiji wa ngonjera, naye alikuwa hakimu. Maneno yalikuwapo, na watu wa kuyatumia walikuwapo. Kilichokosekana kwa nusu karne ni amri.

Amri ilikuja mwaka 2021, Tanzania Bara ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa kanuni za mwaka 2022 zimemwachia Kiingereza mlango wa kupitia. Kazi ya kuhamisha mamia ya sheria imo mikononi mwa wafasiri, na hapo ndipo historia ya rafu ile ya kale inapokuwa onyo. Haraka ya kazi kubwa inaweza kuwafanya waone inatosha neno la Kiingereza kupata jozi yake ya Kiswahili, kama vile Howard alivyoona inatosha sentensi ya Kifaransa kupata jozi yake. Sheria nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza kwetu zenyewe zilitoka India, na za India zilitoka katika hukumu za London. Anayezifasiri leo bila kurudi kwa watu wanaozitumia anaongeza lugha ya nne katika mnyororo uleule.

Waliofasiri Minhaj na Hedaya hawakukosa elimu wala bidii. Walikosa msikilizaji mwenye haki ya kuwaambia, hapo umekosea. Darsa la pwani linao mtindo wa kusahihisha: mwanafunzi husoma kwa sauti, shekhe husikiliza, na neno likipinda husimamishwa papo hapo. Sheria ya ardhi kwa Kiswahili ingefaa isomwe hivyo kabla ya kupigwa chapa, neno kwa neno, mbele ya wazee wa Wete na mbele ya wazee wa Yakobi. Wa kwanza wangelipima neno wakfu kwa mizani ya fikihi. Wa pili, ambao babu zao walimpa Gröschel jina litamkikalo, wangesema bila kusita iwapo hakimiliki ni miliki.